Simba amemeza vinini vya bibi: jibu kwa mama wa Himbi

Swali: "Jambo, Daktari. Nakuandikia kutoka Himbi, hapa Goma. Jumapili jioni mbwa wetu Simba, mchanganyiko wa mbwa wa Kijerumani, miaka mitatu, alirarua kifuko cha dawa za magoti za mama mkwe wangu. Ni vinini vya ibuprofeni. Tulimpa maziwa, kisha jirani akaleta mafuta ya mawese, tukamnywesha kikombe kizima. Usiku alitapika mara mbili. Jumatatu akaamka anatikisa mkia, tukamshukuru Mungu. Leo ni Jumatano. Chakula anakigusa tu, maji anayamaliza beseni zima, anakojoa kila saa, na mavi yake yamekuwa meusi. Je, ndiyo dawa inatoka mwilini? Na siku nyingine mbwa akimeza dawa nyingi tufanye nini?"

Jibu: Mama, tulishazungumza kwa simu siku ile ile, na Simba yuko kwangu kwenye serumu (maji ya mshipani) tangu Jumatano saa tisa alasiri. Naandika kwa sababu swali lako la mwisho naulizwa mara nyingi, na kwa sababu maneno mawili ya ujumbe wako, "anatikisa mkia" na "dawa inatoka", yameshanipotezea wagonjwa zaidi ya mmoja.

Ile haikuwa dawa inatoka. Ilikuwa damu. Tumbo au utumbo wa juu ukitoa damu, damu hiyo husafiri pamoja na chakula, inapikwa na tindikali, na mpaka ifike nyuma imeshakuwa kama lami. Shida ya Goma ni kwamba yadi zetu nazo ni nyeusi. Mtu amemwaga changarawe ya volkano ya Nyiragongo parseli nzima, na mavi meusi juu ya lava huyaoni mpaka uyakanyage. Ninyi mliyaona kwa sababu Simba alijisaidia kwenye simenti ya veranda. Mwenye shaka achukue karatasi nyeupe, ailoweshe kidogo, apake. Mavi yaliyokuwa meusi kwa sababu ya chakula hubaki kahawia nzito. Yenye damu huacha ukingo mwekundu, rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika, na harufu yake ukiinusa mara moja hutaisahau.

Ile kiu nayo si joto la mchana. Figo iliyoumizwa inashindwa kubana mkojo, maji yanapita tu kama kwenye kikapu, na mbwa anakunywa kufidia. Kwa hiyo Jumatano ulikuwa na mbwa mwenye kidonda cha tumbo na figo zinazolalamika, huku nyumba nzima ikiamini hatari iliondoka Jumapili usiku.

Nilipokupigia, nilikuuliza vinini vingapi. Ukanijibu, "Vingi." Sikulaumu, kila mtu hunijibu hivyo, lakini "vingi" hainisaidii kitu. Ndipo nikakuomba ukimwage kile kifuko kwenye sinia ya chai na tuhesabu pamoja. Famasi ilikuwa imemuuzia mama mkwe vinini 30 vya kumwaga, kwenye kifuko cha plastiki, juu yake mtu ameandika kwa bic "IBU 400, 3x1". Hakuna karatasi ya maelezo. Bibi alikuwa amekunywa siku tatu, mara tatu kwa siku: 9. Vilipaswa kubaki 21. Kwenye sinia ulikuta saba vizima na nusu nne zenye alama za meno, jumla 9. Vimepungua 12. Ukaniambia labda vingine viko chini ya kabati. Labda. Lakini kwenye kazi hii kisichoonekana huhesabiwa kimemezwa, na kama nyumba ina mbwa wawili, kila mmoja huhesabiwa kana kwamba amekula vyote peke yake.

Vinini 12 mara miligramu 400 ni miligramu 4,800. Halafu uzito. Kijana wako alipanda mizani akiwa amembeba Simba, ikasoma kilo 83. Akapanda peke yake, 59. Simba ana kilo 24. Gawa: miligramu 200 kwa kila kilo ya mbwa.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoniambia nikimbie au nitembee. Kwa ibuprofeni, mbwa anaweza kuanza kutapika na kuumwa tumbo kwenye miligramu 25 hivi kwa kilo. Ikipita 100, natarajia vidonda vya tumbo. Ikipita 175, naogopa figo. Ikipita 400, dawa inagusa ubongo: anayumba, anashikwa na degedege, anaingia usingizi ambao si usingizi. Ikipita 600, kifo kiko karibu. Mipaka hii haina ukuta, na mbwa mzee, au aliyekuwa akipewa dawa hiyo siku kadhaa mfululizo, huumia kabla ya kuifikia. Lakini ona inavyopanga mambo. Kama Simba angemeza kimoja tu, ni miligramu kama 17 kwa kilo. Ningekwambia umpe chakula chake, umwangalie, unipigie kesho. Vile 12 vingekuwa vya kitoto cha mbwa cha kilo sita, ni 800, na ningekuwa nimeshavaa viatu kabla hujamaliza sentensi.

Kwa nini dawa inayomsaidia bibi magoti imtoboe mbwa tumbo? Dawa za aina hii hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi laini ya tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe, na ndizo zinazofungulia damu njia ya kuingia kwenye figo. Ukizifunga, maumivu yanapungua, na ulinzi nao unaondoka. Mwanadamu ana nafasi kubwa kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru. Mbwa nafasi yake ni nyembamba mno. Juu ya hapo, ini la mbwa humwaga ibuprofeni kwenye nyongo, nyongo inairudisha utumboni, utumbo unainyonya upya. Dawa moja inamzungukia mara kadhaa.

Ndiyo maana saa zake zinadanganya. Kutapika huja saa chache tu baada ya kumeza. Vidonda hujitengeneza kimya kimya kuanzia nusu siku hadi siku kadhaa. Figo huweza kuonyesha madhara siku ya kwanza au zikasubiri mpaka ya tano. Katikati ya kutapika na figo kuna kipindi ambacho mbwa anaonekana amepona kabisa. Jumatatu ya Simba ilikuwa hiyo.

Siwacheki ninyi. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa mbwa mweupe kutoka Majengo, juu ya chukudu (ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo), mwenye mbwa akiwa amemtandikia gunia. Alikuwa amemeza dawa za maumivu za mlinzi wa geti jana yake. Nilimpima joto, nikamtazama fizi, zikawa za waridi safi, mkia unapiga gunia pap pap pap. Nikasema, huyu ni mzima, mrudishe nyumbani. Sikuuliza miligramu ngapi. Alirudi siku ya nne, hakojoi tena, mdomo unanuka mkojo. Tangu hapo mkia siuandiki kwenye daftari la wagonjwa.

Sasa ile sehemu uliyouliza hasa: mbwa akimeza dawa nyingi, ufanye nini.

Mtoe pale kwanza. Fungua mdomo uone kama kuna kinini kwenye mashavu au chini ya ulimi, kitoe. Okota kila kitu: kifuko, karatasi, nusu zilizotafunwa, hata zile zenye mate. Usifagie kwanza. Watu wetu ni wasafi, na mara nyingi mtu akinipigia ushahidi umeshakwenda na maji ya kupigia deki. Angalia saa. Kisha piga simu kwa veterineri, na ukipokelewa usianze na historia ya mbwa alivyo mwerevu. Sema: jina la dawa kama lilivyoandikwa, miligramu, vingapi, saa ngapi, kilo za mbwa. Jina usipoweza kulisoma, piga picha kinini chenyewe pande zote mbili pamoja na maandishi yaliyochongwa juu yake, utume. Huko Ulaya na Marekani kuna namba za simu za sumu kwa wanyama, saa 24. Huku kwetu namba hiyo ni ya muganga wako wa nyama, yaani veterineri, basi uiweke kwenye simu leo, mbwa akiwa mzima.

Kilo pia zijue leo. Asiye na mizani ya bafuni aende kwa wauza maharage, mizani yao ya magunia haibagui.

Maziwa. Najua, kila nyumba ya Goma ina imani ya maziwa. Maziwa hayaui sumu. Yanaweza kutuliza mdomo kidogo kama kitu kilichomezwa kinachubua, lakini ibuprofeni haijali maziwa. Mafuta ya mawese ni mabaya zaidi, na nasema hivi nikijua kwamba bibi yangu mwenyewe angenigombeza. Mafuta hayatapishi kwa uhakika, hayafungi dawa, dawa nyingine huyeyuka ndani yake zikaingia mwilini upesi zaidi, na kikombe kizima cha mafuta kwa nguvu kooni kwa mbwa anayepigana ni njia rahisi ya kuyapeleka mapafuni. Niliposikiliza kifua cha Simba Jumatano nilikuwa natafuta hilo kabla ya jambo lingine lolote. Mmebahatika, mapafu yake ni safi. Chumvi ya maji, ile ya kumtapisha, inaweza kumuua yenyewe kwa kuvuruga chumvi ya damu mpaka ubongo uvimbe. Yai bichi halina kazi. Kidole kooni kitakupa majeraha ya mkono na hutapata matapishi.

Na saa yote mnayokimbia kutafuta mawese ndiyo saa ambayo dawa bado iko tumboni na ingeweza kutolewa.

Kutapisha kwa kweli kunasaidia ndani ya saa moja, mbili hivi, tangu kumeza. Mimi natumia sindano ya apomofini ninapokuwa nayo. Mtu aliye mbali, akiwa na veterineri kwenye simu, anaweza kutumia oksijeni ya kuoshea vidonda, chupa imeandikwa "eau oxygénée 10 volumes". Soma hiyo namba vizuri. Volumes 10 ni asilimia 3, ndiyo inayofaa. Zile za saluni za kubadilishia rangi nywele ni 20, 30, 40. Zitamchoma koo na tumbo. Kipimo ni mililita moja kwa kilo, na hata mbwa awe mkubwa kama ndama usivuke mililita 45. Kwa Simba zingekuwa 24. Unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unapitisha pembeni ya shavu polepole, mbwa akiwa amesimama, halafu unamtembeza. Asipotapika baada ya dakika 15, mara moja zaidi, na basi. Matapishi usiyamwage: tumia kijiti, hesabu vinini, kwa sababu kila kinachotoka tunakitoa kwenye ile hesabu ya sinia.

Wapo wasiotapishwa kamwe. Mbwa aliyeanza kusinzia, kuyumba, kutetemeka au kupata degedege: atavuta matapishi mapafuni. Mwenye pua fupi iliyobonyea, afadhali amfikie muganga. Aliyemeza petroli au mafuta ya taa: yatamwingia mapafuni. Aliyemeza asidi ya betri au javeli (dawa ya kung'arisha nguo): kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Na aliyekwisha kupitisha saa nyingi. Jumatano nisingemtapisha Simba hata mngenililia, kulikuwa hakuna cha kutapika zaidi ya damu.

Baada ya kutapisha unakuja mkaa wa dawa. Huu nao una hadithi yake hapa mtaani: watu wanasaga makala ya jikoni, yaani mkaa wa kupikia, wanachanganya na maji, wanamnywesha. Makala ya kupikia hayajatengenezwa kuwa na vile vitundu vidogo visivyohesabika vinavyoshika sumu. Unampa majivu tu. Mkaa wa famasi ndio wenyewe, lakini fanya hesabu tena. Mbwa anahitaji gramu moja hadi mbili kwa kilo. Simba ni gramu 24 kwa uchache. Kama kidonge kina miligramu 250, ni vidonge 96. Ndiyo maana vile vidonge vitatu anavyopewa mtu mwenye gesi havina maana, na ndiyo maana natafuta wa unga. Kwa ibuprofeni naurudia baada ya saa kadhaa, kwa sababu ya ule mzunguko wa nyongo. Na huo pia haupewi mbwa anayetapika bado au asiye na fahamu.

Dawa zinatofautiana, na hapa nitachukua nafasi kidogo, kwa kuwa kabati za Goma zinafanana.

Parasetamoli ipo kila nyumba. Mbwa huanza kuumia ini kwenye miligramu 75 hadi 100 kwa kilo. Ikipita 200, damu yenyewe inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya chokoleti na uso unaweza kuvimba. Paka ni jambo lingine kabisa: kinini kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, na robo pia usijaribu. Kwa parasetamoli tuna dawa ya kuizima, asetilisisteini, na iko kwenye famasi za watu kama poda ya kulainisha makohozi. Mimi ndiye nitakayepanga kipimo, lakini kama uko mbali niambie mapema ili nikutume kuinunua.

Dawa za kifua kikuu zinanitia hofu kuliko zote, na watu hawaziwazii. Ile isoniazidi iliyomo ndani yake, miili ya watu huivunja kwa njia ambayo mbwa hana. Mbwa wa kilo 15 akimeza vitano vya miligramu 300 amepata 100 kwa kilo, na nusu ya hapo inatosha kuua. Degedege linaweza kuanza kabla ya saa kupita, na sindano ya kawaida ya kuzuia degedege peke yake mara nyingi hailizimi. Kinacholizima ni vitamini B6, gramu kwa gramu: kiasi alichomeza cha isoniazidi, kiasi hicho hicho cha B6, bora kwa mshipa. Ni vitamini ile ile ambayo wagonjwa wengi wa kifua kikuu hupewa pamoja na dawa zao. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa na yenye mbwa, kisanduku cha dawa kipande juu ya kabati, na mbwa akishazimeza usimsubiri atetemeke.

Vinini vyekundu vya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki havishikwi na mkaa wowote, huo wa famasi pia. Na vina ujanja ule ule wa kutulia: anatapika, anapata nafuu siku nzima, halafu anaanguka. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa kawaida havina balaa kubwa, hapo nalala. Amoksisilini nyingi, tumbo litaharisha, basi. Sirapu za watoto zisizo na sukari, soma chupa: zikiwa na zailitoli, kitu cha utamu badala ya sukari, zinamshusha mbwa sukari ya damu haraka, na hiyo ni ya kukimbia.

Halafu kuna dawa ambazo mbwa hakuiba. Alipewa. Hizi ndizo nyingi kwangu. Mbwa anachechemea, mwenye mbwa anamkatia nusu ya diklofenaki yake ya maumivu, kesho nusu nyingine, keshokutwa ananiletea mbwa anayetapika damu. Au mbwa ana upele, mtu ananunua chupa ya ivermektini ya ng'ombe. Dawa hiyo ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na mililita moja ni ya ng'ombe kilo 50. Mbwa wa kilo 10 akichomwa mililita mbili "ili ifanye kazi vizuri" amepata mara kumi ya kipimo cha ng'ombe. Anatembea kama aliyetoka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, mboni zimepanuka, anagonga ukuta kwa sababu haoni. Hakuna dawa ya kuizima; ni kumlinda, kumgeuza, kumlisha, siku nyingi, na wengine wiki. Tena baadhi ya mbwa wa Kijerumani wana kasoro ya kurithi inayofungulia dawa hii mlango wa ubongo, hata kwa kipimo ambacho mwingine hangekihisi. Simba ana nusu ya damu hiyo. Usimchome ivermektini bila kuniuliza.

Usiku ukikukuta na veterineri hapatikani, usikae. Serumu ya Ringer lactate anayowekewa mtu ni ile ile ninayomwekea mbwa. Nimewahi kumwongoza muuguzi wa zahanati kwa simu, saa tano za usiku, akatafuta mshipa wa mguu wa mbele wa mbwa kwa mwanga wa tochi, na mbwa yule bado anabweka watu. Si kila muuguzi atakubali na siwezi kumlaumu anayekataa, lakini kuomba hakuna ada. Kwenye pikipiki, mwambie motari aende taratibu, mbwa akae katikati yenu amefungwa kwenye kitenge, kichwa nje. Mdomo usiufunge kwa kamba. Mbwa anayeweza kutapika akifungwa mdomo atazama ndani ya matapishi yake.

Turudi kwa Simba. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachopanda figo zikishindwa kazi, Jumatano ilikuwa 3.1, na mbwa wa ukubwa wake natarajia isifike 1.6. Alhamisi 2.6. Leo Ijumaa 2.1. Inashuka, nami nimefurahi, ila serumu nitaiacha mpaka kesho jioni kwa sababu figo hupenda kudanganya mara tu bomba likitolewa. Mavi ya leo asubuhi yalikuwa kahawia kwa mara ya kwanza, nimeyapaka kwenye karatasi mwenyewe. Amekula wali na kuku asiye na ngozi, akatafuta mfupa, nikamnyima.

Akirudi nyumbani utapewa dawa mbili. Omeprazoli ya kupunguza tindikali, asubuhi nusu saa kabla ya chakula. Nyingine ni sukralfeti: unakiponda kinini, unakikoroga na maji kidogo, unampa tumbo likiwa tupu, na usiichanganye na omeprazoli wala chakula, acha saa mbili katikati, kwa sababu inapaka ukuta wa tumbo kama chokaa na inaziba njia ya dawa nyingine. Maji yawepo saa zote. Bibi asimpe chochote cha magoti hata akimwona anachechemea, na vinini vyake mhamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kuzungusha. Akienda famasi siku nyingine, mwambie adai karatasi ya maelezo.

Jumatatu mlete kabla hajala. Uje na mkojo wake wa asubuhi, kijiko kimoja kinatosha, kwenye chupa uliyoichemsha. Usiuweke kwenye chupa ya soda hata kama umeisuuza, sukari inayobaki mle itanifanya nimtibu Simba ugonjwa wa kisukari ambao hana.